Mpe Mwanao Dawa, Kinga Itakuja

Mdogo wangu wa Kilosa, ujumbe wako nimeusoma. Mama mkwe anasema ukimpa mtoto dawa mseto kila akiugua, damu yake haitazoea malaria. Msikilize kwa heshima, maana hoja yake ina chembe ya ukweli. Wanaokulia penye mbu wengi hujenga kinga kidogo kidogo, hata mtu mzima akabeba vimelea na bado akaamkia shamba. Lakini kumcheleweshea mtoto dawa, hapo usikubali kabisa.

Homa inapopanda, vimelea vimeshazaliana na mwili umeshavitambua. Ukingoja siku mbili zaidi huongezi kinga. Unakaribisha degedege, upungufu wa damu na kifo.

Kama dawa huzuia kinga, hilo lilipimwa mkoani kwenu huko huko, Ifakara. Watoto wachanga walipewa dawa ya kinga kila wiki, tangu miezi 2 hadi 12, wawe wazima au wagonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: malaria ilipungua kwa takriban asilimia 60. Dawa ilipokoma, wakaugua kuliko wenzao wasioipata, kwa kuwa miili yao ilikuwa haijakutana na vimelea vya kutosha. Chembe ya ukweli ya mama mkwe iko hapo, kwenye dawa ya kinga ya mfululizo inayokatika ghafla, wala si kwenye kumtibu anayeumwa. Baadaye, Ifakara hiyo hiyo, watoto walipewa dawa ya malaria iitwayo SP mara 3 tu, siku za chanjo, wakiwa na miezi 2, 3 na 9. Malaria ikapungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza, na walipofuatiliwa baadaye hawakuugua kuliko wenzao. Mweleze mama haya taratibu, mkiwa wawili.

Mtoto akichemka, mpeleke zahanati atobolewe kidole. Kipimo kikionyesha malaria, mpe mseto dozi zote 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula, hata akianza kucheza siku ya pili. Kisipoonyesha, usimpe mseto wa akiba ulio kabatini. Mwambie mhudumu atafute chanzo kingine. Chandarua kibaki palepale.

Na akikataa kunyonya, akitapika kila kitu au akishikwa na degedege, beba mtoto uende usiku huo huo, hata kama baba yake yuko safarini na simu haipatikani.