Kamera haikuona kitu, tumbo bado laharisha

Swali: Daktari, mamangu ana miaka 64, tuko Malindi. Huu ni mwezi wa nne anaharisha majimaji, hata usiku. Ametibiwa amiba mara tatu. Mombasa alipigwa kamera ya utumbo, wakasema ni mzima. Tufanyeje?

Jibu: Mwanangu, ulizeni kwanza: je, alikatwa vinyama vya kupimwa? Kuna uvimbe wa utumbo mpana ambao jicho haliuoni, hata kwa kamera. Huonekana kwa hadubini tu. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 50, na choo huwa maji matupu bila damu. Aina yake moja ilielezwa Sweden mwaka 1976: utando wa kolajeni chini ya ngozi ya utumbo hunenepa kupita maikromita 10. Katika aina ya pili, chembe nyeupe hujazana ndani ya ngozi hiyo. Ndiyo maana vipande vikatwe sehemu kadhaa, japo utumbo unang'aa.

Lakini huku kwetu Pwani, vipimo visianzie hapo. Choo kipimwe giadia na amiba kwa maabara, si kwa kukisia. Damu ipimwe tezi la shingo na VVU.

Kisha nileteeni mfuko wake wa dawa. Diklofenaki ya magoti na omeprazoli ya kiungulia, zinazonunuliwa dukani kama peremende, zinahusishwa sana na ugonjwa huu. Asiache ghafla dawa aliyoandikiwa. Amwulize daktari wake. Ugonjwa ukithibitika, budesonidi huwatuliza wengi ndani ya wiki chache, ingawa ugonjwa hurudi kwa baadhi.

Akitoa damu au akilegea kwa kukaukiwa maji, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.