Sherehe ya Chama cha Wafanya Biashara: Maana Yake na Faida Yake

Katika miji yetu mingi chama cha wafanya biashara cha mahali hutenga siku moja ya kuwasifu wanachama wake. Hema hupigwa, wageni huketi, majina husomwa moja moja, na wenye maduka, hoteli, karakana na viwanda vidogo hupewa vyeti na vikombe. Baadaye vyeti hivyo huonekana vimetundikwa ukutani, karibu na mzani au juu ya sanduku la fedha.

Wako watu watazamao mambo hayo na kuuliza, "Je, kuna haja gani? Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Duka likiwa zuri wanunuzi watalijua wenyewe, na likiwa baya cheti hakitalitengeneza." Swali hilo lina maana, wala halifai kupuuzwa. Somo letu la leo lakusudia kulijibu, na ili tulijibu vema yatupasa kwanza kujua chama cha namna hii ni kitu gani, kilianzaje, na kazi yake ni nini.

CHAMA HIKI NI KITU GANI?

Mara nyingi chama cha wafanya biashara huchanganywa na vyama vingine. Chama cha ushirika hununua na kuuza, na faida ikipatikana hugawiwa wanachama. Chama cha wafanyakazi huwatetea watu walioajiriwa. Bali chama cha wafanya biashara hakiuzi sukari wala hakinunui kahawa. Ni baraza la watu wanaoshindana kila siku sokoni, waliokubaliana ya kwamba yako mambo kadha wa kadha ambayo hakuna mmoja wao awezaye kuyapata peke yake. Mambo hayo ni kama barabara inayopitika wakati wa masika, soko lililo safi, kodi ya haki, habari za bei za mbali, na jina jema la mji wao.

Tena chama si leseni. Leseni hutolewa na serikali ya kaunti, na mwenye duka hana budi kuwa nayo. Kuingia chamani, hapa Kenya kama kule Uingereza, ni hiari ya mtu. Katika nchi kama Ujerumani mambo ni mengine, maana huko sheria yenyewe huwaingiza wenye biashara chamani na kuwatoza ada. Kwetu sisi mtu hulipa ada kwa kupenda, na apendapo kutoka hutoka. Kwa hiyo chama cha hiari hakina nguvu ila ile itokayo katika imani ya wanachama wake na ya wananchi wanaowazunguka.

ASILI YAKE

Chama cha kwanza cha namna hii kilianzishwa katika mji wa Marseille, bandari ya kusini mwa Ufaransa, mwaka 1599. Siku zile maharamia walikuwa wakiziteka merikebu katika bahari ya Mediterania. Tajiri mmoja, hata akiwa na mali nyingi, hakuweza kuilinda bahari yote. Ndipo wafanya biashara wa mji ule walipowachagua wajumbe wa kuiangalia kazi yao kwa pamoja.

Mwaka 1768 wafanya biashara 20 walikutana katika mji wa New York wakaanzisha chama chao. Kazi moja waliyoianza mapema ilikuwa kuweka kamati ya kuamua ugomvi kati ya wanunuzi na wauzaji, ili watu wasimalize mali yao katika mashauri ya mahakamani. Mwaka 1783 chama kingine kilianzishwa Glasgow, huko Scotland. Mji ule ulikuwa umetajirika kwa tumbaku ya Marekani, na vita vya uhuru wa Marekani vilipoivunja biashara hiyo, wafanya biashara waliona ya kuwa kila mmoja akihangaika peke yake wote wataangamia. Mwaka 1919 kikaanzishwa chama cha wafanya biashara wa mataifa, ambacho makao yake makuu yako Paris, na mwaka 1923 chama hicho kilifungua baraza lake la kuamua mashauri ya biashara kati ya watu wa nchi mbalimbali.

Hapa Kenya habari ni ya namna yake. Wakati wa ukoloni wafanya biashara waligawanyika kwa rangi: Wazungu walikuwa na chama chao, Waasia chao, na Waafrika chao. Tena hawakuwa na nafasi sawa, kwa maana sheria za siku zile ziliuwekea mpaka mkopo ambao Mwafrika mwenye duka aliweza kupewa. Mtu aliyekuwa mwaminifu hakuweza kuutumia uaminifu wake kupata bidhaa, kwa sababu sheria ilitazama rangi yake kabla ya kutazama daftari yake. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwaka 1965 vyama vile vitatu viliunganishwa kuwa Chama cha Taifa cha Wafanya Biashara na Wenye Viwanda, ambacho leo kina matawi katika kaunti zetu.

Tukizitazama habari hizi zote tutaona jambo moja. Maharamia, vita, ugomvi na ubaguzi ni mambo tofauti, lakini katika kila mahali mfanya biashara alihitaji mtu mwingine amshuhudie na kusimama pamoja naye. Hapo ndipo tunapoanza kupata jibu la swali letu.

KWA NINI WANACHAMA WASIFIWE?

Ni kweli ya kwamba kizuri chajiuza, lakini chajiuza kwa yule anayekiona. Jirani anayenunua unga kila jioni ajua kama gorogoro la duka lile ni zima au limebonyezwa chini. Mkuu wa benki hajui. Mwenye ghala la Mombasa anayeombwa kutoa bidhaa zilipwe baada ya siku 30 hajui. Mnunuzi wa nchi ya mbali, ambaye hatafika kabisa katika mji wetu, yeye hajui hata jina la mtaa. Watu hao wote wahitaji shahidi, na shahidi aliye karibu kuliko wote ni wafanya biashara wenzake mtu, wanaofanya kazi mtaa mmoja naye na kumwona mwaka mzima.

Kuna mfano ulio wazi wa jambo hili. Mtu apelekapo bidhaa ng'ambo, mara nyingi huhitaji hati ya kuonyesha bidhaa hizo zimetoka nchi gani, na Chama cha Taifa ni miongoni mwa wanaotoa hati za namna hiyo. Mpokeaji huko ng'ambo hakuliona shamba wala kiwanda. Aliloliona ni sahihi na muhuri, naye huamini. Lakini kama muhuri ule ukipigwa hata mara moja tu juu ya uongo, na uongo ukafichuka, atakayepata hasara si mwongo peke yake. Mtu mwaminifu ajaye nyuma yake ataulizwa maswali mengi, mzigo wake utazuiliwa bandarini, na matunda yake yataoza pasipo kosa lake.

Basi cheti cha sherehe ni ndugu ya hati hiyo. Chama kikimsifu mwanachama mbele ya watu, huwa kimetia sahihi ya kwamba mtu huyu anaaminika. Kwa hiyo sherehe ni ushahidi, ijapokuwa ina ngoma na chakula.

HESABU YA GRAMU 50

Huenda mtu akasema ya kuwa uaminifu ni jambo la dini na wala halimo katika hesabu za duka. Na tuifanye hesabu hiyo.

Tuseme mwenye duka huuza kilo 20 za sukari kila siku, na katika kila kilo hupunja gramu 50. Kwa siku moja atakuwa ameiba gramu 1,000, yaani kilo moja. Akifungua duka siku 300 katika mwaka, amepata kilo 300 asizozinunua. Bei ya kilo ikiwa shilingi 150, amejipatia shilingi 45,000, naye ajiona ni mwerevu.

Sasa tuutazame upande wa pili. Tuseme jamaa mmoja hununua katika duka hilo vitu vya shilingi 500 kila juma. Kwa majuma 52 ni shilingi 26,000. Ikiwa faida ya mwenye duka ni shilingi moja katika kila shilingi kumi, jamaa yule humletea faida ya shilingi 2,600 kwa mwaka. Jamaa 18 wakiugundua mzani wake na kuhamia duka jingine, atakuwa amepoteza faida ya shilingi 46,800. Wizi wote wa mwaka umekwisha, na hasara imebaki. Wala jamaa 18 si wengi, kwa maana habari ya mzani mbovu hutembea upesi kuliko basi.

Tena hasara haikomi mlangoni pake. Watu hawasemi, "Duka la fulani ni la wizi," bali husema, "Soko lile ni la wezi," kisha hupanda gari kwenda kununua mji wa pili. Hapo mwenye duka wa jirani, ambaye mzani wake umekaguliwa na kupigwa muhuri, hupoteza wanunuzi kwa kosa la mwenzake. Hiyo ndiyo sababu uaminifu wa mmoja ni shauri la wote, na ndiyo sababu chama kina haki ya kumsifu mwema na kumwonya mbaya.

NI NANI ASTAHILIYE SIFA?

Chama kitakacho sherehe yake iaminiwe hakina budi kuwa na mizani yake chenyewe. Yafaa wanachama wajue mapema mtu atapimwa kwa mambo gani. Tunayataja manne.

Kwanza, vipimo. Mzani, rula na kibaba viwe vimekaguliwa na maofisa wa vipimo, na bei zibandikwe mahali ambapo hata mtoto aliyetumwa aweza kuzisoma.

Pili, daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Mtu asiyejua alichouza wala anachodaiwa hawezi kuwa mfano kwa wengine, hata kama duka lake limejaa.

Tatu, malipo. Je, wafanya kazi wake hulipwa mwisho wa mwezi? Je, wakulima wanaomletea maziwa, mboga au kuku hulipwa siku waliyoahidiwa? Liko duka linalong'aa kwa fedha za watu wengine, na duka kama hilo halistahili kikombe.

Nne, ugomvi. Hakuna mfanya biashara asiyepata kugombana na mnunuzi. Linaloangaliwa ni jinsi alivyoumaliza ugomvi ule, kama alirudisha kitu kibovu, au alimfukuza mtu kwa matusi. Wazee walisema, biashara haigombi.

Tazama ya kuwa katika mambo hayo manne ukubwa wa duka haukutajwa. Mama mwenye meza moja ya nyanya aweza kuyatimiza yote, na tajiri mwenye magari kumi aweza kushindwa na lile la tatu. Chama kikimwita mama yule mbele na kumpa cheti sawasawa na tajiri, kimewafundisha watu somo ambalo hotuba kumi hazingeliweza kulifundisha.

HATARI ILIYOPO

Lakini iko hatari, nayo yafaa isemwe waziwazi. Sherehe huhitaji fedha, na fedha hutoka kwa wenye nazo. Ni rahisi mno kwa kamati kumpa kikombe yule aliyelipia hema na chakula. Akipewa kwa sababu hiyo, wanachama wote hujua, ijapokuwa hupiga makofi. Mwaka wa pili wanachama wadogo hawaji, na mwaka wa tatu hawalipi ada. Cheti hubaki ukutani, lakini benki haikitazami tena, wala mwenye ghala hakijali. Chama kimeuza jina lake, na jina likiisha kuuzwa halinunuliki tena kwa bei ile ile.

Dawa yake si ngumu. Watakaochagua wasiwe wale wale waliogharimia sherehe. Sababu ya kila cheti isomwe mbele ya watu: si kusema tu "fulani ni hodari," bali kutaja alilolifanya. Na wanunuzi waulizwe, kwa maana wao ndio walio upande wa pili wa mzani.

Basi yule aliyeuliza kuna haja gani ya sherehe amepata jibu lake. Kizuri chajiuza kwa jirani, lakini kwa mtu wa mbali chahitaji shahidi, na shahidi lazima awe mkweli. Chama kinachosifu kwa haki humfungulia mwenye duka mdogo mlango wa mkopo, wa bidhaa na wa soko la mbali, milango ambayo wazee wake walifungiwa. Chama kinachosifu kwa kujipendekeza huufunga mlango huo huo kwa mikono yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Chama cha wafanya biashara kinatofautianaje na chama cha ushirika?

2. Kwa nini mzani mbovu wa duka moja huwaletea hasara wenye maduka wengine?

3. Kama ungelikuwa katika kamati ya chama cha mji wako, ungelimpa nani cheti mwaka huu, na ungelisoma sababu gani mbele ya watu?