Skrini Mbili, Mtu Mmoja: Somo kwa Mwalimu Mtarajiwa

Wanafunzi wenzangu, tunakaribia kurudi fildi. Kabla hatujafunga mabegi, naomba tujifunze jambo kutoka kwa watu ambao kazi yao haifanani kabisa na ualimu: waongoza ndege.

Mwongoza ndege hukaa mbele ya skrini ya rada, anaongea na marubani kwa redio, na kuhakikisha ndege zinapishana kwa umbali na kimo salama. Anga hugawanywa vipande viitwavyo sekta. Ndege zikiwa nyingi, sekta hugawanywa na watu huongezwa. Zikipungua, sekta huunganishwa na kushikwa na watu wachache. Njia nyingine ni kuzichelewesha ndege ardhini kabla hazijaruka, na kupumzika kwa zamu. Sababu tumeisoma kwenye saikolojia ya elimu: mwaka 1956 George Miller alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba tu, vikizidi au kupungua viwili. Ukiongeza, kingine kinadondoka.

Sasa tuangalie usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Kituo cha Zurich, Uswisi, kilikuwa na waongoza ndege wawili wa zamu. Mmoja alikwenda kupumzika, desturi ambayo wakubwa waliijua na kuiacha iendelee. Aliyebaki akashika skrini mbili. Usiku huohuo mafundi walikuwa wakishughulikia mitambo: rada ilifanya kazi kwa kiwango pungufu, na simu kuu ilizimwa. Simu ya akiba nayo ilikuwa mbovu.

Ndege moja iliyochelewa ilitaka kutua Friedrichshafen, uwanja wa mkoa tu, si mkubwa. Akageukia skrini ya pili kuihudumia, akajaribu kuupigia simu uwanja ule, wapi. Kumbe kwenye skrini ya kwanza, Tupolev ya abiria na Boeing 757 ya mizigo zilikuwa zinakutana katika kimo kimoja, futi 36,000. Wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari wakapiga simu, haikupatikana. Alipogundua, ilibaki chini ya dakika moja. Akaiamuru Tupolev ishuke. Mtambo wa ndani ya ndege ukawaambia marubani wapande, huku ukiiambia Boeing ishuke. Marubani wa Tupolev wakamfuata mwongoza ndege. Zote mbili zikashuka, zikagongana juu ya mji wa Überlingen saa 5:35 usiku. Walikufa watu 71, wengi wao watoto kutoka Urusi.

Nilipoisoma habari hii nilijiona mwenyewe. Fildi iliyopita nilipewa Kidato cha Pili, mikondo miwili, kwa sababu mwalimu mwenzangu alikuwa semina. Nilikuwa nakimbia huku na kule. Kiranja wa mkondo wa pili akaja mlangoni: "Mwalimu, kuna mtu anaumwa." Nikamjibu, "Subiri nimalize mfano huu." Akarudi tena. Nikamwambia tena subiri. Nilipofika, binti alikuwa sakafuni, pumu imembana, midomo imebadilika rangi. Tulimbeba mpaka zahanati. Namshukuru Mungu alipona.

Kwa wiki nzima nilijilaumu, na kosa langu lilikuwepo kweli. Lakini msimamizi wangu aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwanangu, ulimwambia nani kwamba umezidiwa?" Sikuwa nimemwambia mtu. Niliogopa kuonekana sifai.

Nimepata masomo matatu. La kwanza, mzigo haupimwi kwa siku ya kawaida. Mtu mmoja anatosha mpaka jambo la pili litokee, na hapo hakuna muda tena wa kumwita mwenzako. La pili, anayezidiwa mara nyingi hajui kwamba amezidiwa, maana kazi iliyo mbele yake imemmeza. Kwa hiyo weka mtu wa kukushtua, na akikushtua, simama umsikilize. Kiranja wangu aliniona kabla sijajiona. La tatu, usiishie kumlaumu aliyekuwa kwenye kiti. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wasimamizi wanne wa kampuni ya kuongoza ndege. Mwongoza ndege mwenyewe alikuwa ameshauawa mwaka 2004 na baba aliyepoteza mke na watoto katika ajali ile. Hukumu ile haikumrudisha yeye wala wale watoto.

Basi, ukifika shuleni ukaambiwa, "Mwalimu, shika na darasa lile, ni dakika chache tu," usikatae kwa jeuri, wala usiitikie kimya kimya. Uliza: nani atakuwa kule nikiwa huku? Kama jibu ni "hakuna," ombeni madarasa yaunganishwe uwanjani, au mwalimu mwingine akae nao hata kama hafundishi. Safari ijayo mimi nitauliza, hata nikionekana sifai.