Mchicha Mwekundu: Ua la Bustani, Mboga ya Chungu

Je, mchicha mwekundu unaongeza damu kwa sababu ni mwekundu?

Suali hili hatulikosi kila tunapokwenda skuli kuzungumza habari za lishe. Na wapo vijana ambao wamekwisha kujijibu wenyewe. Akihisi kizunguzungu, anakunywa soda nyekundu. Mwengine anakunywa juisi ya choya, mwengine maji ya bitiruti. Mradi rangi ifanane na damu, basi roho yake inatulia.

Jibu letu ni hili: rangi si damu. Lakini usikimbilie kuutupa huo mchicha! Una faida kubwa mwilini, ni rahisi kuotesha, na ukiuweka baina ya asumini na mrehani unapendeza kama ua jengine lolote. Soma mpaka mwisho ujue faida yake hasa iko wapi, uupande vipi na uule vipi.

DAMU INAPUNGUKA VIPI?

Ndani ya damu mna chembe ndogo nyekundu. Kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Ili mwili utengeneze chembe hizo unahitaji madini ya chuma. Chuma kikipungua, chembe nazo zinapungua, na mwili unakosa hewa ya kutosha.

Hapo ndipo dalili zinapoanza: uchovu usiokwisha, kizunguzungu ukisimama ghafla, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, weupe ndani ya kope na kwenye viganja, na masomo kutoingia kichwani. Mwalimu anasema, "Huyu mvivu." Nyumbani wanasema, "Huyu ana shetani." Kumbe masikini hana damu ya kutosha!

Tatizo hili si la mtu mmoja au wawili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kiasi cha 45 walikuwa na upungufu wa damu. Zanzibar hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko Bara.

Sababu ni nyingi. Msichana anapoteza damu kila mwezi anapokuwa katika hedhi. Kijana anayerefuka, wa kike na wa kiume, anahitaji chuma zaidi. Malaria inaharibu chembe za damu. Wapo pia waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Halafu kuna safura, minyoo midogo inayoingia mwilini kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha inajishika kwenye utumbo na kufyonza damu. Watafiti waliowapima watoto wa skuli kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 walikuta kwamba safura ni moja ya sababu kubwa za watoto hao kukosa chuma.

SASA ULE WEKUNDU NI WA NINI?

Wekundu wa mchicha unatokana na rangi ya asili ya mmea inayoitwa betalaini. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye bitiruti. Inayeyuka kwenye maji, ndiyo maana ukiuchemsha mchicha huu maji yanageuka pinki. Rangi hiyo haigeuki kuwa damu.

Chuma chenyewe hakionekani kwa macho. Kimo katika mchicha mwekundu na kimo katika mchicha wa kijani. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina kiasi cha miligramu 2 za chuma. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kiasi cha miligramu 15 kwa siku, na mvulana kiasi cha 11. Kwa hivyo mchicha peke yake hautoshi. Unahitaji wenzake: dagaa, samaki, maini, maharage, kunde.

Lakini chuma si kitu pekee kilichomo. Majani ya mchicha yanatupa pia vitamini A kwa ajili ya macho, foleti ambayo nayo inasaidia kutengeneza damu, vitamini C, na kalisi kwa ajili ya mifupa. Mboga gani nyengine itakupa yote hayo baada ya mwezi mmoja tu?

KWA NINI UPANDE MWENYEWE?

Soko la Darajani lipo tangu mwaka 1904, na mafungu ya mchicha hayajawahi kuwa kitu kigeni kwa watu wa mjini. Lakini mchicha uliochumwa alfajiri huko shamba, ukifika saa sita za mchana juani umeshanyauka. Na kadiri unavyokaa, vitamini C inapungua. Wa kwako utauchuma jioni na kuutia chunguni pale pale.

Tena duniani kote watu wanaujua mmea huu kwa mboga na kwa pambo. Bangladesh na India wanapika mchicha mwekundu. Ulaya na Japani wanapanda aina yenye majani mekundu, manjano na kijani kwa pamoja, ili kupamba bustani tu. Waingereza wameipa jina la koti la Yusufu, kwa zile rangi zake nyingi.

NAMNA YA KUUPANDA

Huna kiwanja? Si neno. Kama unakaa Mji Mkongwe, juu ya dari au kwenye roshani panatosha. Kama unakaa upande wa mashariki au kusini ya Unguja, ambako ardhi ni ya mawe, panda kwenye polo au ndoo.

1. Tafuta chombo. Ndoo iliyopasuka, dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa, beseni bovu au polo. Kiwe na kina cha shibiri moja au zaidi. Kitoboe chini ili maji yatoke. Usitumie chombo kilichokuwa na rangi ya nyumba au dawa ya wadudu.

2. Changanya udongo. Makarai mawili ya udongo kwa karai moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaweza kuleta vijidudu.

3. Weka palipo na jua. Mchicha unapenda jua na joto. Mwekundu ndio zaidi, kwani kivulini rangi yake inafifia na shina linarefuka ovyo.

4. Sia mbegu. Mbegu ni ndogo mno, kwa hivyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, kisha nyunyiza kiasi unachohitaji. Funika na udongo mwembamba, usizidi unene wa ukucha. Mbegu iliyozikwa chini sana haitoki.

5. Mwagilia taratibu, asubuhi na jioni. Tumia kopo lililotobolewa matundu madogo ili mbegu zisihamishwe na maji. Miche itachomoza baada ya siku 3 hadi 5. Usiloweshe mpaka udongo ukawa tope, maana miche michanga itaoza shingo na kuanguka.

6. Punguza miche. Baada ya wiki mbili au tatu, ng'oa iliyosongamana na uipike. Inayobaki iachane kiasi cha sentimita 15 hadi 20.

7. Kata, using'oe. Baada ya wiki nne au tano, kata shina kwa kisu, uache sentimita 10 hadi 15 na majani machache chini. Litachipua matawi mapya, nawe utakata tena kila baada ya wiki mbili hivi. Ukiona linaanza kutoa maua, yakate mapema ili majani yasikomae.

Ukitaka mbegu, chagua mche mmoja ulio mwekundu zaidi, uuache utoe maua na ukauke, kisha uupukuchue juu ya sinia. Hutanunua mbegu tena.

Viwavi wanaokula majani watoe kwa mkono kila asubuhi. Kwa bustani ya ndoo tatu nne huhitaji dawa yoyote.

JIHADHARI NA MAMBO MAWILI

Kwanza, maji. Usimwagilie mboga kwa maji ya mtaro au ya chemba, hata kama yanaonekana yana "mbolea". Maji hayo yana mayai ya minyoo na yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu. Zanzibar tuliona wenyewe mripuko wa mwaka 2015–16.

Pili, miguu. Vaa viatu unapofanya kazi kwenye udongo. Itakuwa ajabu kulima mboga kwa ajili ya damu, na wakati huo huo ukawapa safura njia ya kuja kuinywa damu hiyo!

NAMNA YA KUULA

Osha majani kwa maji safi kabla ya kukatakata, si baada. Pika kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, dakika 5 hadi 10. Tia tui la nazi au mafuta kidogo, kwani vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Ukiweza, ongeza dagaa.

Na sasa siri kubwa: kamua ndimu baada ya kuepua. Chuma cha kwenye mboga ni kigumu kuingia mwilini, lakini vitamini C ya ndimu inakifungulia mlango. Ukiikamua chungu kikiwa motoni, moto unaiharibu. Embe, chungwa au pera baada ya chakula pia husaidia.

Chai nayo inafunga mlango huo huo. Tunajua, kwetu sisi chakula bila ya chai hakijakamilika! Basi isubirishe saa moja au mbili.

Mwenye mawe ya figo aulize daktari kwanza, kwani mchicha una asidi inayoweza kuyaongeza.

UKIHISI DALILI

Dada, na wewe kaka, ukiziona zile dalili tulizozitaja, usijitibu kwa rangi. Nenda kituo cha afya ukapimwe damu. Tone moja la kidoleni linatosha kujua kiwango. Huko wataangalia sababu ni nini: chakula, minyoo, malaria, hedhi nyingi au jambo jengine. Na siku ya dawa ya minyoo skuli, usijifiche chooni! Mchicha unasaidia kuzuia upungufu wa damu. Ulioshuka sana unahitaji tiba.

JIPIME

Sema kweli au si kweli:

1. Mchicha wa kijani hauna chuma.
2. Soda nyekundu inaongeza damu.
3. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua chungu.
4. Safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu.
5. Bustani ya mboga ni kazi ya wasichana tu.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Si kweli, ni sukari na rangi tu. 3. Kweli. 4. Kweli. 5. Si kweli! Wavulana nao wana damu, nao wanakula.

Ukisia ndoo moja Jumamosi hii na nyengine baada ya wiki tatu, mboga haitakatika nyumbani. Na atakayepita mlangoni kwenu atauliza, "Ua gani hilo?" Mwambie, kisha mpe mbegu.