SOMO LA VIKUNDI: Tutumie Kivinjari Gani?

Ndugu zetu wa vikundi, somo la leo lahusu simu ya katibu. Vikundi vingi vina simu moja tu ya kutafutia habari, na bando hununuliwa kwa pesa za mchango. Kwa hiyo ukurasa ukila bando bure, umekula pesa za wanachama wote.

Kivinjari ni nini? Ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Si intaneti yenyewe, wala si Google, ingawa wengi wetu tunachanganya. Simu nyingi za Android huja na Chrome, nasi huizoea bila kuuliza kama kuna nyingine. Zipo.

Opera Mini ilienea tangu 2006, ikapendwa kwa sababu ya kubana data. Ukiomba ukurasa, ombi hupitia kwanza kwenye mashine za kampuni ya Opera. Huko picha hufanywa nyepesi, ndipo ukaletewa. Ni kama mizigo ya pale jeti ya Mokowe: iliyofungwa vizuri huchukua nafasi ndogo mashuani. Lakini hebu tufikirie. Anayekufungia mzigo, si lazima aone kilichomo? Ndivyo ilivyo. Ukiweka ule ubanaji wa juu kabisa, mashine za katikati huufungua ukurasa kabla ya kuubana. Kusoma bei ya simsim au hali ya bahari, haina neno. Kuandika nywila ya benki au ya eCitizen, hapana! Zima ubanaji kwanza, au tumia kivinjari kingine.

Chrome nayo ilikuwa na njia yake ya kubana data, ikaondolewa 2022. Anayekwambia uiwashe anakufundisha mambo ya zamani. Firefox ya Mozilla, shirika lisilotafuta faida, yaweza kuongezewa kizuizi cha matangazo kwenye Android, na tangazo lisiloshuka halili bando.

Sisi tungeshauri katibu awe na viwili: Opera Mini ya kusomea, na Chrome au Firefox ya kujazia fomu na mambo ya pesa. Simu ikiwa imejaa, basi kimoja, Firefox na kizuizi chake.

Jambo moja zaidi, maana hapa watu huibiwa. Alama ya kufuli yamaanisha tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Mwizi naye anaweza kuwa na kufuli. Soma jina lenyewe, herufi kwa herufi. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.ke.

Zoezi: Kabla ya mkutano ujao, fungueni ukurasa mmoja wenye picha nyingi kwa Chrome, kisha kwa Opera Mini. Kila mara tazameni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, ni MB ngapi zimekwenda. Andikeni daftarini.

Swali la kuzungumza: Nywila za kikundi chetu zimehifadhiwa kwenye simu ya nani, na nani mwingine huishika simu hiyo?