Kuuliza Kabla ya Kuvua: Maandalizi na Msamiati wa Mvuvi Mgeni Kutoka Adungosi

Ikisiri

Makala haya yanajadili maandalizi ya safari ya uvuvi katika ziwa ambalo mvuvi halifahamu. Mfano unaotumika ni wa vijana wa Adungosi wanaopanga kwenda kuvua katika Ziwa Viktoria kupitia Sio Port. Hoja kuu ni kwamba chombo cha kwanza cha mvuvi mgeni ni lugha: wavu na ndoana huja baadaye. Makala yanaonyesha jinsi neno moja lenye maana mbili pande mbili za mpaka linavyoweza kuhatarisha maisha, na yanapendekeza kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya.

1. Utangulizi

Adungosi ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Busia, kwenye barabara iungayo miji ya mpakani ya Malaba na Busia. Wenyeji wake wengi ni Wateso, na riziki yao hutegemea zaidi shamba, mifugo na biashara ya mpakani. Hata hivyo, uvuvi si jambo geni kwao. Eneo hili limo katikati ya mito miwili yenye tabia ya kushangaza. Mto Malaba, ulioko kaskazini, huelekea Uganda na maji yake huishia katika Ziwa Kyoga. Mto Sio, ulioko kusini, huelekea Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mvua inyeshayo katika wilaya moja hugawanyika na kwenda katika maziwa mawili tofauti.

Kijana aliyekulia kandokando ya mito hii hujua kutega kambare kwa ndoana na kumsaka kamongo matopeni. Ujuzi huo ni mali, lakini ni ujuzi wa mtoni. Mto una kingo mbili zinazoonekana, na akitaka kutoka, mvuvi hupiga hatua chache tu. Ziwa halina ukingo wa pili unaoonekana. Wahenga walisema kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Swali la makala haya ni hili: mtu afanye nini kabla hajazivua hizo nguo?

2. Dhana ya ziwa geni

Ziwa geni si lazima liwe ziwa la mbali. Kutoka Adungosi hadi Sio Port ni safari ya kumalizika asubuhi moja, lakini umbali wa maarifa ni mkubwa kuliko umbali wa barabara. Ziwa ni geni pale ambapo mtu hawezi kusoma ishara zake.

Jambo hili hujitokeza duniani kote. Katika nchi za baridi kali kama vile Finland na Kanada, maziwa huganda wakati wa kipupwe, na wavuvi hutoboa matundu kwenye barafu na kuteremsha ndoana zao humo. Mvuvi anayefika katika ziwa asilolijua hupima kwanza unene wa barafu. Kanuni inayofahamika ni kuwa barafu safi na ngumu iwe na unene wa sentimita 10 au zaidi ndipo mtu atembee juu yake. Lakini hata kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu barafu ya ziwa moja hailingani kila mahali. Mahali mto unapoingia, barafu huwa nyembamba, na theluji ikiifunika huficha udhaifu wake. Kwa hiyo mgeni huwauliza wenyeji mikondo iko wapi.

Adungosi haina barafu, lakini somo ni lile lile. Huko kaskazini hatari imo chini ya miguu. Huku hatari hutoka juu, katika upepo na radi. Kote kuwili, mwenyeji anajua kile ambacho macho ya mgeni hayakioni.

3. Mambo ya kuyajua kabla ya safari

3.1 Ukubwa na hali ya hewa

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi. Sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu; iliyobaki ni ya Uganda na Tanzania.

Ukubwa huo huliwezesha ziwa kujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu kutoka pande zote huelekea ziwani, hukutana huko, na kuzua mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi hupiga ziwani usiku na alfajiri. Mkulima wa Adungosi amezoea kuiona mvua ikijenga mawingu yake alasiri. Akiipeleka kalenda hiyo ziwani, ataona anga tulivu jioni na kudhani usiku wote utakuwa salama.

3.2 Mwambao unaobadilika

Mvuvi mgeni asitegemee maelezo ya zamani pekee. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana na kufunika baadhi ya fuo ambazo watu walikuwa wakitia nanga kwa miaka mingi. Tena kuna gugu maji, lililoingia ziwani humu kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Gugu hili huelea na kusukumwa na upepo. Hori lililokuwa wazi asubuhi laweza kuzibwa jioni, na mtumbwi ukakosa njia ya kurudi. Swali la kuuliza, basi, ni "Wiki hii njia iko wapi?" Mwambao una viboko pia, hasa karibu na matete nyakati za machweo na mapambazuko.

3.3 Sheria na mpaka

Kila ufuo unaotambuliwa nchini Kenya una kamati ya usimamizi ambayo wavuvi huiita BMU. Mgeni hujitambulisha huko kwanza. Uvuvi wa Kenya huongozwa na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 pamoja na kanuni zake. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki hao wazaliane. Kokoro, yaani wavu wa kukokotwa hadi ufuoni, umepigwa marufuku, na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa.

Kuhusu mpaka, Mto Sio huonyesha kwa sehemu Kenya inakoishia na Uganda inakoanzia. Mto ukishaingia ziwani, mpaka huendelea bila alama. Mzozo wa kisiwa cha Migingo, uliopamba moto miaka ya 2008 na 2009, uliwakumbusha wavuvi kwamba mstari usioonekana unaweza kumfanya mtu akamatwe na kunyang'anywa chombo. Hata simu ya mkononi humwacha mwenyewe njiani, kwani karibu na mpaka hunasa mtandao wa nchi jirani.

4. Lugha kama chombo cha usalama

Kiswahili sanifu kilikua katika mwambao wa bahari, na msamiati wake wa uvuvi unanukia chumvi. Mwanafunzi hufundishwa kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Maneno haya ni hazina, lakini hayamwongozi mvuvi wa Sio Port. Ziwa halina kujaa na kupwa kwa kumwangaza mvuvi. Mvuvi wa omena huhesabu usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuwa hapo ndipo taa zake huwavuta samaki. Pepo za hapo zina majina ya lugha za wenyeji.

Hata samaki wale wale huitwa kwa majina tofauti kila nchi:

Sangara wa Tanzania ni mbuta nchini Kenya, na mputa nchini Uganda.
Dagaa wa Tanzania ni omena nchini Kenya, na mukene nchini Uganda.
Sato wa Tanzania ni ngege nchini Kenya na Uganda.

Tofauti hizi huleta usumbufu wa bei sokoni, lakini haziui. Kuna neno moja ambalo linaweza kuua, nalo ni mamba. Katika Kiswahili, mamba ni mnyama mkali wa majini mwenye miguu minne na meno makali. Katika Kiganda, neno linalokaribiana nalo sana kimatamshi, emmamba, ni yule samaki ambaye Kenya humwita kamongo: samaki apumuaye kwa mapafu na kujichimbia matopeni wakati wa kiangazi. Miongoni mwa Waganda kuna hata ukoo mkubwa wenye mwiko wa samaki huyo.

Chukuliwe kwamba mvuvi kutoka Uganda anawaambia vijana wa Adungosi, "Kwenye matete yale kuna mamba wengi." Vijana watakimbia na kuacha mavuno. Hasara yao ni ndogo. Igeuzwe hali: Mkenya anamwonya mgeni kutoka Uganda kwa maneno yale yale, naye mgeni anatabasamu, anachukua ndoana yake na kuingia matetени hadi kiunoni. Sentensi ni moja, sarufi haina kosa, na mtu anaangamia.

Mazungumzo yafuatayo yametungwa ili kuonyesha namna mgeni mwenye adabu anavyoweza kuepuka hatari hiyo:

Kijana: Hujambo, mzee. Sisi ni wageni, tumetoka Adungosi. Tumekuja kuuliza kabla ya kugusa maji.
Mzee: Sijambo, vijana wangu. Karibuni. Mnataka kwenda upande gani?
Kijana: Kule kwenye matete, mzee. Tumesikia kuna mamba.
Mzee: Aliyewaambia alitoka ng'ambo gani? Muulizeni kwanza: mwenye miguu au asiye na miguu?

Katika mazungumzo haya, kijana anataja kwao, anakiri ugeni na kumwita mwenyeji kwa jina la heshima. Mzee naye hajibu kwa pupa. Anarudisha swali ili maana ifafanuliwe. Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo.

5. Mpangilio wa safari

Kutokana na maelezo haya, maandalizi yafuate utaratibu. Kwanza, vijana waanzie nyumbani kwa akina mama wauzao samaki sokoni, kwa maana hao hujua ufuo gani una samaki na msimu gani. Pili, aende mmoja wao ufuoni siku chache kabla, akajitambulishe kwa kamati na kuuliza habari za upepo, gugu maji na mpaka. Tatu, wamtafute mwenyeji wa kuwa nahodha wao. Mgeni asijipe usukani siku ya kwanza. Nne, kila mmoja awe na jaketi la kuokolea maisha, na chombo kiwe na kopo la kutolea maji, kasia la akiba na tochi. Tano, abaki mtu nchi kavu anayejua saa ya kurudi na wa kumwarifu wakichelewa.

La mwisho ndilo gumu zaidi: wakubaliane, wangali nchi kavu, ni ishara gani zitakazowarudisha. Uamuzi wa kurudi ukingojewa hadi mawimbi yapande, kila mtu huogopa kuitwa mwoga, na woga huo wa jina huzamisha mitumbwi.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa safari ya uvuvi katika ziwa geni huanza kwa maswali, na kwamba maswali hayo yanahitaji lugha ambayo pande zote zinaielewa. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya 2010, na Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Lakini hadhi ya katiba haimfai mvuvi ikiwa msamiati wa ziwa haujakusanywa na kulinganishwa. Kazi hiyo inawasubiri wanafunzi wa Kiswahili walio karibu na Sio Port, Port Victoria na fuo nyingine: kuketi na wavuvi, kuandika majina ya pepo, ya samaki na ya hatari, na kuyaweka bega kwa bega. Orodha kama hiyo yaweza kumrudisha mtoto wa mtu nyumbani.

Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya ujuzi wa mvuvi wa mtoni na ujuzi anaouhitaji mvuvi wa ziwani.
2. Kwa kutumia neno "mamba", jadili jinsi maana ya neno inavyotegemea jamii ya wasemaji.
3. Kusanya maneno kumi ya uvuvi kutoka kwa wazee wa eneo lako, kisha uyalinganishe na yale yaliyomo katika kamusi.
4. Tunga mazungumzo kati ya mgeni na msimamizi wa ufuo, ukizingatia adabu ya kuuliza.