Ngumbaru ya Ndege: Tujifunze kwa Kutembea

Je, kikundi chenu kimewahi kufanya somo bila ubao, bila chaki na bila kukaa kwenye benchi? Safari hii twawaletea somo la namna hiyo. Ni somo la watu wazima, na darasa lenyewe ni njia ya kwenda shambani.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Kijijini kwetu bundi alizoea kukaa juu ya ghala. Akilia usiku, watu walisema ati anaita kifo. Vijana wakamrushia mawe mpaka akafa. Hakuna mzee aliyewakanya, na sisi pia tulinyamaza. Msimu uliofuata panya walitoboa magunia, na mama mmoja wa kikundi alipoteza madebe mawili ya mahindi. Hatusemi ni kwa sababu ya bundi yule peke yake. Lakini tulijiuliza: je, ndege huyu twamjua kweli, au twajua maneno ya watu tu?

WENGINE WAJIFUNZA VIPI?

Huko Nairobi, mwaka wa 1971, Mama Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, watu wakikutania kwenye Jumba la Makumbusho. Aliyaongoza kwa zaidi ya miaka 40. Hapana mtihani wala cheti. Anayejua amwonyesha asiyejua, basi.

Kule Kilifi, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna wenyeji waliojifunza ndege mpaka wakawa waongozaji wa wageni. Ndege mmoja ambaye wageni hutoka mbali kumtafuta ni bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika hata urefu wa sentimita 20. Hupatikana Kenya na Tanzania peke yake. Haya basi! Sisi twamrushia bundi mawe, na wenzetu hupata riziki kwa kumwonyesha.

FANYENI HIVI

1. Chagueni siku moja kwa mwezi. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Watu kumi watosha. Wakizidi, kelele huwafukuza ndege.

2. Chagueni kiongozi. Si lazima awe amesoma. Mchungaji wa ng'ombe au mzee anayerina asali huenda anajua kuliko mwalimu. Darubini ikipatikana ni vizuri, lakini macho na masikio yatosha kuanzia.

3. Kila mkimwona ndege, simameni. Kiongozi asiwaambie jina upesi. Aulize kwanza: Yuko wapi? Anafanya nini? Anakula nini? Mtaona yangeyange akifuata ng'ombe ili akamate panzi wanaoruka kwato zikipita. Mtaona chozi akitia mdomo wake mwembamba ndani ya ua. Mtajifunza pia kumtenga kwelea kwelea, anayekuja kwa makundi makubwa na kumaliza mtama, na mnana, ambaye huwatafutia makinda wake wadudu.

4. Taja jina kwa lugha ya nyumbani kwanza, halafu kwa Kiswahili. Mwandishi wa kikundi aandike tarehe, mahali na idadi. Baada ya mwaka mtajua wenyewe mbayuwayu wa Ulaya hufika mwezi gani na huondoka lini.

5. Msiguse viota wala mayai.

ZOEZI LA BUNDI

Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika tonge kavu la manyoya na mifupa. Tafuteni matonge hayo chini ya mahali anapolala mchana. Yavunjeni kwa kijiti, na mnawe mikono kwa sabuni mkimaliza.

Sisi tulifanya hivyo chini ya paa la nyumba moja kuukuu. Yule mama wa madebe mawili ndiye aliyevunja tonge la kwanza. Ndani mlikuwa na mafuvu matatu ya panya. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulimuua askari wetu." Siku hiyo kikundi kilikubaliana: hakuna kumpiga bundi tena. Tulikubaliana pia kuacha sumu ya panya, kwa maana bundi akila panya mwenye sumu, naye hufa. Sasa twatumia mitego, na guzo za ghala tumezivika mabati panya wasipande.

Wako bado wanaomwogopa. Hatugombani nao. Twawaalika matembezini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni ndege gani huuawa kijijini kwenu, na kwa sababu gani? Ni nani aliyehakikisha sababu hiyo?
2. Ni ndege gani walioonekana zamani na sasa hawaonekani? Waulizeni wazee.
3. Ni nani kati yenu awezaye kuongoza matembezi ya kwanza, na ni lini?